Kwa anayeanza roki ya Anatolia: shika njia ya Erkin Koray tangu mwanzo

Wanaoanza kujifunza roki ya Kituruki karibu wote huingilia mlango uleule. Mtu anasikia Elektronik Türküler, LP (santuri kubwa) ya mwaka 1974 ya Erkin Koray, mwimbaji na mpiga gitaa wa Istanbul, anapagawa na ule mvumo wa gitaa na saz, ala ya nyuzi ya Kituruki yenye shingo nyembamba, kisha anakimbilia kununua pedali ya fazi, kile kifaa cha mguu kinachoikwaruza sauti ya gitaa. Wiki chache baadaye ana kelele nyingi na hana wimbo. Pedali haina kosa. LP ile ilitoka miaka 17 baada ya Koray kusimama jukwaani na bendi ya wanafunzi wenzake, na mengi yanayosikika ndani yake alikuwa ameshayafanyia kazi, kimoja baada ya kingine, kwenye santuri ndogo. Ushauri wetu ni kuichukua miaka hiyo kama silabasi. Si lazima uimalize kwa muda uleule, ila usiupindue mpangilio wake.

Jambo dogo kabla ya kuanza: unapotafuta nyimbo hizi, andika majina kwa herufi za Kituruki. Herufi ş husomwa sh, ç husomwa ch, na c ya kawaida husomwa j, kwa hiyo Cemalim ni "Jemalim". Asiyejua hili husikia wimbo unatajwa na asiutambue.

Piano, kunakili, na bendi ya jeshi

Koray alizaliwa Istanbul tarehe 24 Juni 1941. Mama yake, Vecihe Koray, alikuwa mwalimu wa piano, na mtoto alianza kufundishwa ala hiyo akiwa na miaka mitano hivi. Gitaa lilikuja baadaye, wakati akisoma katika Shule ya Kijerumani ya Istanbul. Watu huliruka jambo hili kwa kuwa piano haina mbwembwe za roki, lakini ndilo linalomtofautisha na wapiga solo wengi wa mwanzo: aliyeanzia kwenye piano anasikia besi na sauti ya juu kama vitu viwili, na anazijua noti kwa majina, hategemei kukumbuka kidole kilikaa wapi. Kama huna piano, kinanda kidogo cha umeme kinatosha. Kila wimbo unaojifunza kwenye gitaa, upige pia kwenye kinanda: mkono wa kushoto ushike noti mbili tu, A na E kwa mfano, mkono wa kulia upige sauti ya wimbo. Dakika 20 kwa siku zinatosha. Ukishindwa kuupiga hapo, hujaujua wimbo. Vidole vyako vimekariri njia tu.

Mwaka 1957 Koray na wenzake walipiga nyimbo za Elvis Presley na Fats Domino katika shule ya sekondari ya Galatasaray, onyesho linalohesabiwa kuwa miongoni mwa ya mwanzo kabisa ya rokenroli nchini Uturuki. Kunakili nyimbo za wengine si aibu, ila kuna kunakili kunakofundisha na kusikofundisha. Chagua nyimbo kumi za mizani 12, zenye kodi tatu za gitaa, A, D na E, na uzimalize zote kumi kabla ya kugusa kitu kingine. Ziwemo za mtindo wa Fats Domino, ambamo piano hugawa kila pigo vipande vitatu. Huo ugawaji wa tatutatu utamfaa mpiga dramu wako sana mtakapofika kwenye mapigo ya Kituruki.

Makosa ya hatua hii yanajulikana. Kila mtu anajifunza solo, hakuna anayejifunza jinsi wimbo unavyoishia, basi bendi inafika mwisho wanatazamana. La pili ni kukimbia. Rekodi kwa simu, pima kasi ya mizani nne za mwanzo na nne za mwisho. Tofauti ikizidi mapigo matano kwa dakika, mrudie wimbo kwa besi na dramu peke yake mpaka itulie.

Jeshini, Koray alipiga katika okestra ya jazi ya jeshi la anga huko Ankara. Okestra ya aina hiyo inakulazimisha kusoma noti, kusubiri mizani 16 bila kugusa uzi, na kupiga kwa sauti isiyowafunika wenzako. Kwetu ukipata nafasi ya kukaa na bendi ya polisi, au hata kwaya inayosoma do-re-mi, usiiache. Mpiga gitaa asiyejua kunyamaza hawezi kupangiwa muziki.

Kutoka Kiingereza hadi lugha ya nyumbani

Wimbi zima la Istanbul lilipita hatua tatu, na ni vizuri kuzijua kwa sababu kila mwanafunzi huzipitia kwa namna yake. Kwanza nyimbo za kigeni kwa lugha ya kigeni. Kisha, kuanzia mwaka 1961 hivi, ikaja mitindo ya aranjman: sauti ya wimbo wa Ulaya, maneno ya Kituruki. Ya tatu ilisukumwa na shindano la Altın Mikrofon, yaani Maikrofoni ya Dhahabu, lililoandaliwa na gazeti la Hürriyet kati ya 1965 na 1968. Washiriki walitakiwa kuleta muziki wa Kituruki uliopangwa kwa ala na mbinu za Magharibi, na waliofika fainali walirekodiwa na kuzungushwa mikoani. Vijana waliokuwa wakiimba Kiingereza wakajikuta wanaviuliza vijiji vyao nyimbo. Cem Karaca na bendi yake ya Apaşlar walishika nafasi ya pili mwaka 1967 kwa wimbo Emrah. Koray aliingia mwaka 1968 na Çiçek Dağı, wimbo wa asili wa eneo la Kırşehir.

Kabla ya hapo, mwaka 1967, alikuwa ametoa Kızları da Alın Askere, wimbo wa kuchekesha unaotaka wasichana nao waandikishwe jeshini, na ndio uliomfanya ajulikane. Zingatia umbo la kazi hizi. Zote zilikuwa santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, wimbo mmoja kila upande, kama dakika tatu au nne hivi. Hapakuwa na nafasi ya solo ya dakika sita. Jifunge kamba hiyohiyo: nyimbo zako sita za kwanza zisizidi dakika tatu na nusu, sauti ya mwimbaji iingie kabla ya sekunde ya 25, na solo isizidi mizani 16. Ikizidi, kata mwanzo wake. Wapigaji wengi hutumia mizani minne ya mwanzo kujitafuta.

Kuchukua türkü bila kuuharibu

Hapa ndipo kazi ilipo. Türkü ni wimbo wa watu wa Anatolia, na una namna mbili. Kırık hava ni ule wenye mizani inayohesabika. Uzun hava ni ule unaoimbwa huru, mwimbaji anavuta pumzi na neno atakavyo. Anza na kırık hava. Anayeanza na uzun hava humwambia mpiga dramu ahesabu kitu kisichohesabika, na wimbo unakufa hapohapo. Ukifika kwenye uzun hava, dramu inyamaze, besi ishike noti moja, gitaa limfuate mwimbaji nyuma yake kama hatua moja.

Tafuta kwanza rekodi ya mwimbaji na bağlama yake (jina jingine la saz), isiyo na bendi. Isikilize mpaka uweze kuiimba yote bila ala. Kisha tafuta noti ambayo wimbo unatulia juu yake, ile wanayoiita karar. Mara nyingi ni noti ya mwisho kabisa. Waturuki huandika nyimbo nyingi kana kwamba karar ni A, hata kama mwimbaji anaimba juu au chini yake, na wewe fanya hivyo unapojifunza.

Sasa ngazi. Mbili zitakufikisha mbali.

Ya kwanza ni Hicaz: A, Bb, C#, D, E, F, G, A, na F hiyo mara nyingine hupanda ikawa F#. Gitaa linaipiga bila shida, lakini si sawasawa. Kwa hesabu ya Kituruki toni moja ina vipande vidogo tisa viitwavyo koma, na kila koma ni kama senti 23, ukichukulia kwamba nusu toni ya gitaa ni senti 100. Kutoka A hadi Bb ya Hicaz ni koma tano, karibu senti 113, na kutoka Bb hadi C# ni koma 12, karibu senti 272. Kwenye gitaa pengo hilo la katikati ni senti 300. Ndiyo maana Hicaz ya gitaa husikika kama ya sinema, imepanuliwa kupita kiasi. Dawa yake ni ndogo: unapokaa kwenye Bb, isukume kidogo tu juu, na usiishikilie C# muda mrefu.

Ya pili ndiyo inayowashinda wengi: ngazi ya Uşşak na Hüseyni, ambamo noti ya pili iko kati ya Bb na B. Gitaa halina freti ya hapo. Fanya hivi. Washa kitunio cha simu. Bonyeza freti ya tatu ya uzi wa G, hiyo ni Bb, kisha usukume uzi polepole kuelekea uzi wa D. Sauti itakuwa inapanda. Sindano ikianza kurukaruka, mara iandike Bb mara B, umefika, maana uko kama senti 50 katikati. Simama hapo, hesabu hadi nne, achia. Rudia mara 20 bila kutazama, kisha tazama ukaguliwe. Nyuzi za 0.009 au 0.010, zenye uzi wa tatu usiozungushiwa waya, ndizo zinazofaa. Uzi wa tatu wenye waya husukumwa kwa shida na huteleza kurudi. Kosa la kawaida ni kusukuma mpaka B kamili, kwa kuwa vidole vimezoea bluzi. Hapo wimbo unageuka wa kanisani ghafla.

Wasomaji waliokulia Unguja, Mombasa au Lamu wana faida ambayo huenda hawaijui. Hicaz ni Hijazi ileile ya taarabu ya asili, na Uşşak ni jirani wa karibu sana wa Bayati, ambayo wasomaji wengi wa Kurani wa mtindo wa Kimisri huanzia na kuishia nayo. Sikio lako limeshaisikia ile noti ya katikati tangu utotoni. Kinachobaki ni kidole.

Baada ya ngazi, kodi, na hapa ndipo nyimbo nyingi za wanafunzi huvunjika. Kama sauti inapita kwenye ile B ya robo, huwezi kuweka kodi ya G chini yake, kwa kuwa G imebeba B kamili ndani. Wala E, ambayo ina B na G# pia. Mbili hizo zikigongana na mwimbaji, watu wataona mwimbaji ndiye kaenda kombo. Tumia noti mbilimbili: A na E, D na A. Acha noti ya tatu kabisa. Besi ikae kwenye A, iguse E, iende D wimbo unapopanda huko, basi. Na msipangie sauti ya pili ya kupishana kwa tatu kama kwaya. Muziki huu wote hupiga sauti moja: gitaa, saz na mwimbaji wanapita njia ileile, kila mmoja na madoido yake madogo. Ukitaka unene, mmoja apige oktavu ya chini.

Kupata ule mvumo usiokatika, shusha uzi wa pili wa gitaa kutoka B hadi A. Sasa piga sauti ya wimbo kwenye uzi wa tatu, na kila pleki inaposhuka iguse pia uzi wa pili ulio wazi. Inasikika karibu na bağlama kuliko pedali yoyote.

Mapigo

Usidhani kila wimbo wa Kituruki una mapigo ya ajabu. Nyingi za roki ya Anatolia zina manne ya kawaida. Ila ya tisa na ya saba yatakujia. Ya tisa kwa kawaida hugawanywa 2+2+2+3. Sema kwa mdomo: pika, pika, pika, pakua. Kila silabi ni pigo moja dogo, kila mwanzo wa neno ni mguu wa dramu. Ya saba ni pika, pika, pakua, au ikigeuzwa, pakua, pika, pika. Weka metronomu kwenye silabi, anza na 160 kwa dakika, na usipande mpaka bendi nzima iweze kusema huku inapiga.

Kinachokosewa daima ni lile kundi la mwisho la tatu. Wapigaji hulivuta likawa la nne, jumla ikawa kumi, kwa sababu sikio linatafuta nambari shufwa. Mara nyingi anayevuta ni besi, si dramu, kwani noti yake ndefu ya mwisho haina kinachoikata. Mwambie apige noti tatu fupi pale mpaka azoee.

Saz ya umeme

Wengi humpa Koray sifa ya kuwa mtu wa kwanza kuitia bağlama umeme. Ala yenyewe ina nyuzi saba katika makundi matatu, na freti zake ni nyuzi za nailoni zilizofungwa shingoni, zinazosogezwa. Robo toni ile unayoitafuta kwa kusukuma, hapa ina freti yake. Kwa shingo ndefu, tuni ya kawaida, kuanzia kundi la chini, ni A, D, G. Kwa shingo fupi wengi hutumia A, D, E. Shingo ndefu hufungwa nyuzi za seti ya 0.18 ya milimita, fupi ya 0.20. Ukifunga seti nene kwenye shingo ndefu, daraja litalalamika na shingo itapinda.

Kwa kuwa nyuzi ni za chuma, pikapu ya sumaku ya gitaa inaisoma vizuri. Kwenye udi wa nyuzi za nailoni isingesoma kitu. Tatizo ni tumbo lake. Lile bakuli la mbao liko wazi ndani, na ukisimama karibu na amplifaya linaanza kupiga yowe lenyewe. Jaza sponji laini au kitambaa kupitia tundu la mwilini, nusu ya ujazo kwanza, ongeza ikihitajika. Simama pembeni ya spika, usiikabili. Wanaopiga kila wiki huishia kununua ya mwili mzima usio na uwazi, na wana haki.

Ukinunua iliyotumika, chungulia shingo kwa jicho moja kutoka kichwani kama unavyochungulia ubao, kisha pima kila freti kwa kitunio. Freti iliyosogea milimita mbili inatosha kuharibu Uşşak nzima. Isogeze kwa ukucha, si kwa bisibisi, maana bisibisi hukata nailoni. Na nyuzi nyembamba za chini hukatika bila taarifa. Beba angalau nne za akiba kila onyesho.

Fazi, sasa

Umefika. Fazi za mtindo wa miaka ya 1960 zitangulie zote, gitaa liingie moja kwa moja humo, kisha wawa (pedali ya kukanyaga inayoifanya sauti iseme "wa-wa"), kisha amplifaya. Ukiweka wawa mbele ya fazi ya aina hiyo, wawa inapoteza mvuto wake na mara nyingi inapiga mluzi, kwa kuwa fazi inainyonya nguvu. Sauti ya gitaa iwe saba kati ya kumi. Ukihitaji solo, panda. Usipige kodi kamili. Fazi hutengeneza noti nyingine kutoka kwenye mgongano wa zile ulizopiga, na noti ya tatu ya kodi huleta matope. Noti moja, au mbili za A na E, hutoka safi.

Kuna kitu kimoja zaidi katika miaka yake kabla ya 1974 kinachofaa kuigwa. Mwaka 1972, akiwa na bendi ya Ter, alirekodi Hor Görme Garibi, wimbo wa Orhan Gencebay, mtu wa arabesk, muziki ambao wasomi wa mjini waliudharau. Koray hakujali mipaka hiyo, na nyimbo zake za katikati ya miaka ya 1970 zimejaa harufu ya Mashariki. Usiishie kwenye türkü pekee. Wimbo wa mwimbaji wa mtaani ukiwa na karar iliyo wazi na ngazi unayoijua, unapangika kwa njia ileile.

Halafu rudi kwenye santuri. LP yake ya 1973 ni mkusanyiko wa nyimbo zilizokwishatoka kwenye santuri ndogo, kwa hiyo usiisikilize kama kazi iliyopangwa kwa pamoja. Isikilize kama daftari la mazoezi. Elektronik Türküler ya 1974 ndiyo iliyotungwa kama LP. Ichukue Cemalim, maombolezo ya mji wa Ürgüp, na uisikilize mara tatu kwa vipokea sauti vya masikioni: mara ya kwanza ufuate besi ya Ahmet Güvenç peke yake, ya pili dramu za Sedat Avcı, ya tatu gitaa. Andika dakika na sekunde ambapo gitaa na mwimbaji wanapiga sauti moja, na ambapo wanaachana. Kisha tafuta Cemalim iliyopigwa kwa bağlama na mwimbaji tu, ujifunze hiyo kwanza, na upange ya kwenu kabla ya kuisikiliza tena ya Koray.